Kikaragosi cha mkono, cha zamani au mdoli wa dukani? Maswali mnayoniuliza kila siku

Mimi nachonga vikaragosi na kutengeneza vilivyoharibika, hapa Dar, na vya zamani nikikutana navyo kwenye mitumba siviachi. Meseji ni nyingi na maswali ni yaleyale, kwahiyo nimeyaweka hapa mtu asome taratibu kabla hajanipigia. Mengine nimejibu kirefu mana ndo yananikaa rohoni, mengine nimepita haraka.

Hivi kikaragosi na mdoli si kitu kilekile?

Hapana ndugu yangu. Mdoli (mwanasesere, au toi kama wanavyosema Kenya) ukishakaa kwenye kochi umependeza, kazi imeisha. Kikaragosi kikikaa tu kazi haijaanza, kimetengenezwa ili mtu akitie uhai kwa mkono wake: kuna cha kuvaa kama glavu, kuna cha nyuzi kinachoning'inia, cha fimbo kinachoshikwa kwa chini, na cha kivuli kinachochezwa nyuma ya shuka lenye taa. Vijana wanaita papeti, sawa tu, ila neno karagosi lina safari yake tamu, limetufikia kwa njia ya Waarabu kutoka kwa Karagöz wa Waturuki, yule wa kivuli anayekatwa kwenye ngozi ya ngamia, kwahiyo kila ukisema kikaragosi unamtaja Mturuki bila kujua.

Mbona bei hivyo? Kariakoo napata mdoli kwa elfu tano, wewe kikaragosi laki mbili!

Hili swali ndo linaongoza na simlaumu mtu anayeuliza, laki mbili ni hela. Ila njoo tuhesabu pamoja. Kichwa peke yake ni siku mbili za patasi na kisu, alafu msasa mkavu, alafu rangi ya chini, ikauke, msasa tena, ndo nianze uso, na uso siuchori usiku mana taa inadanganya rangi, asubuhi unaamka unakuta umemchora mtu mgonjwa. Baada ya hapo viungo. Shingo, mabega, viwiko, viganja, nyonga, magoti, nyayo, na kila kiungo kina tabia yake, goti likunje kwa nyuma tu na kiwiko kikunje kwa mbele tu, ukikosea hapo kikaragosi kinatembea kama mbuzi. Nyayo naziwekea nati ya chuma ndani ili ziwe nzito zikanyage chini, la sivyo kinaelea elea. Alafu nyuzi: cha mtu mzima aliyekamilika kinataka zisizopungua tisa, mbili za kichwa, mbili za mabega, moja mgongoni, mbili za mikono, mbili za magoti, na zote nazifunga kikiwa kimesimama mbele ya kioo, uzi mmoja ukizidi urefu kidogo tu bega linashuka na jamaa anaonekana kama anauguza ubavu. Bado nguo, ambazo zinashonwa na mama mmoja jirani yangu kwa sindano ya mkono mana cherehani inakaza mno, kitambaa kinabana kiungo.

Hizo ni kama siku nane mpaka kumi. Gawa laki mbili kwa siku hizo, toa mti, rangi na nguo, utaona mwenyewe fundi anabaki na shilingi ngapi kwa siku. Ule mdoli wa elfu tano umetoka kwenye moldi, plastiki ikamiminwa, ikapoa, moldi ikafunguka, umetoka. Bei zote mbili ni za haki, ila ni bei za vitu viwili tofauti.

Kwahiyo vya kiwandani vyote ni vibaya?

Sijasema hivyo wala siwezi kusema. Mtoto aliyelala na dubu wake wa kiwandani miaka sita hadi sikio likanyofoka, huyo dubu una uhakika utamtupa? Ninachokilalamikia mimi ni namna vingi vinavyotengenezwa visifunguke. Viungo vimebanwa kwa mashine, mwili umeunganishwa kwa moto, mkono ukichomoka hakuna skrubu, hakuna uzi wala gundi inayoshika plastiki ile, fundi unabaki unautazama. Mteja wangu mmoja aliniletea mdoli wa kuongea, sauti ilikuwa imekata, kitu kidogo tu, pengine waya umeachia, nikashindwa kuufungua bila kuuvunja mgongo, na nikamrudishia hivyo hivyo mtoto akiwa anaangalia. Kile kitu kiliniuma.

Alafu kuna suala la wingi. Kosa la fundi mmoja linaishia kwenye kikaragosi kimoja. Mwaka 2007 kampuni kubwa kabisa ya midoli duniani, Mattel, ililazimika kurudisha mamilioni ya bidhaa zake, nyingine kwa sababu ya rangi yenye risasi (ile metali yenye sumu) na nyingine sumaku ndogo ambazo mtoto anaweza kuzimeza. Kampuni yenye jina na maabara, na bado.

Unaposema "mwendo" wa kikaragosi unamaanisha nini hasa?

Asante kwa kuuliza, hapa ndo penyewe. Watu wakija kununua wanaangalia uso. Mimi nawaambia shikeni muone kinatembeaje. Thamani ya kikaragosi iko kwenye uzito na viungo, na vitu hivyo fundi hupimia mkononi, anachonga kidogo, anakinyanyua, anaona mguu wa kushoto unachelewa, anaongeza, anapunguza. Mashine haipati nafasi ya kukinyanyua na kusikiliza.

Angalia Sicily kule Italia, wana vikaragosi vya mashujaa wenye deraya za shaba, wanaviita pupi, UNESCO imeyaweka maonyesho yake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Vya mji wa Palermo vina kama sentimita 80, vinakunja magoti na vinaweza kuchomoa upanga kwenye ala. Vya Catania, kisiwa hichohicho, ni vikubwa kuliko mita moja, vizito sana, na magoti hayakunji kabisa. Yaani mtu anayejua anakuambia kikaragosi kimetoka mji gani kwa kuangalia goti tu! Mafundi wa miji miwili walifikiri tofauti kuhusu shujaa anavyotakiwa kutembea vitani na ubishi wao umebaki kwenye mbao mpaka leo.

Au bunraku ya Japani, kikaragosi kimoja watu watatu, mmoja kichwa na mkono wa kulia, mmoja mkono wa kushoto, mmoja miguu, na kwa desturi ya zamani inasemwa mtu anajifunza miguu miaka kumi, mkono wa kushoto miaka kumi mingine, ndo apewe kichwa. Na hapa Afrika, Handspring Puppet Company ya Cape Town, ilianza 1981, ndo waliotengeneza yule farasi wa mchezo wa War Horse uliofunguliwa London mwaka 2007, farasi mkubwa mtu anampanda, anachezeshwa na watu watatu, unawaona kabisa pale jukwaani lakini baada ya dakika tano unamwona farasi tu, anapumua. Nikiwa na siku mbaya kwenye karakana nawaangalia hao jamaa kwenye video.

Kwahiyo kitu chochote cha mkono ni bora?

Hapana, na hapa mafundi wenzangu mniwie radhi. Kuna vya mkono vinavyochongwa mia mia kwa ajili ya watalii, sura moja, haraka haraka, mti mbichi, baada ya miezi mitatu unasikia paa, kimepasuka usoni. Uchongaji wa kuuza nje sio dhambi, Wakamba wa Wamunyu kule Kenya wameulea ufundi huo tangu mzee Mutisya Munge alipojifunza huku Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akarudi nao nyumbani, na umesomesha watoto wengi. Ila mnunuzi lazima uangalie. Kinyanyue kwa nyuzi uone kama kinasimama wima chenyewe. Kunja kila kiungo usikilize kama kinakwaruza. Nusa, mti mbichi unanuka. Geuza uangalie mgongoni na chini ya nguo, fundi mvivu anamalizia mbele tu.

Nitajuaje kama nilichokiokota kwenye mitumba ni cha zamani kweli?

Ntakusimulia cha kwangu. Soko la Karume, asubuhi, muuzaji kafungua balo la midoli, dubu na sungura wa pamba, katikati nikaona vijiti viwili vya mbao vimefungwa msalaba na uzi mweusi umejiviringisha kama kiota cha ndege. Nikamuuliza bei akasema buku tatu, yaani elfu tatu, akaongeza "hiyo imeharibika mkuu". Nilipofika nyumbani nikafuta vumbi kwenye kile kijiti, kikatokea chapa: Pelham Puppets, Made in England. Nilikaa chini.

Kampuni hiyo ilianzishwa na Bob Pelham mwaka 1947 kwenye mji mdogo wa Marlborough, Uingereza ikiwa ndo kwanza inatoka vitani. Alikufa 1980, na biashara ikafungwa 1993. Kwahiyo vya kipindi hicho ukiviona ujue ni vya zamani kweli, na chapa kwenye kijiti ndo kitu cha kwanza cha kutafuta. Cha pili ni boksi. Maboksi yao ya mwanzo yalikuwa ya kahawia, baadaye ya njano, na baadaye zaidi ya njano yenye dirisha la plastiki, mtu akikuta kikaragosi na boksi lake la kahawia bei inapanda sana, kwahiyo jamani boksi bovu la zamani msilitupe!!

Kisichokuwa na chapa angalia uchakavu. Uchakavu wa kweli unakaa pale mkono unapogusa, kwenye kijiti, kwenye nyayo zinazogonga sakafu, kwenye pua. Ukikuta kimechakaa sawasawa mwili mzima, hata kwapani, ujue mtu kakichakaza kwa msasa wiki iliyopita. Na skrubu yenye kichwa cha nyota kwenye kitu kinachosemwa ni cha mwaka 1900, kimbia, au angalau uliza nani alikitengeneza upya.

Lakini Pelham si kilikuwa kiwanda? Mbona unakisifia?

Umenikamata vizuri, na jibu lake ndo linanifanya nipende hii kazi. Kilikuwa kiwanda ndio, lakini nyuso zilipakwa kwa brashi na watu, nyuzi zilifungwa na watu, na ukikikata uzi unaweza kukifunga upya mwenyewe nyumbani kama mimi nilivyofanya, jioni tatu na uzi mpya na kile cha buku tatu kikatembea. Jamhuri ya Czech pia, kuanzia 1912 kulikuwa na seti za vikaragosi vya nyumbani zilizotolewa kwa wingi kufuata michoro ya msanii Mikoláš Aleš, ili kila familia iwe na jukwaa lake dogo sebuleni, na leo seti hizo zinatafutwa na wakusanyaji kwa tochi. Hata Barbie, ambaye ni wa plastiki kabisa, alipotoka 1959 aliuzwa dola 3 na wale wa mwanzo kabisa leo wanauzwa maelfu ya dola.

Kwahiyo mstari mimi siuchori kati ya mkono na mashine peke yake. Nauliza: kinafunguka? Kinatengenezeka? Kuna alama ya mtu popote? Cha kiwandani kikijibu ndio, nakiheshimu.

Nimerithi kikaragosi cha bibi, rangi imebanduka usoni. Nikipake upya king'ae?

Usipake. Tafadhali sana dada yangu weka hiyo brashi chini.

Nimeshaletewa kitu cha ajabu, kikaragosi cha glavu, kichwa cha karatasi iliyogandishwa kwa gundi, cha zamani mno, mwenye nacho kwa mapenzi tu alikuwa amekipaka rangi ya mafuta ya mlangoni, nyekundu midomoni, nyeupe usoni. Chini yake kulikuwa na uso mwingine ambao mtu aliuchora kwa subira na haurudi tena, mana ukiitoa rangi ya juu unaitoa na ya chini. Bei ilikufa pale pale lakini bei sio kilichoniuma, kiliniuma kile kijicho kilichokuwa kinaonekana kwenye ufa.

Unachoweza kufanya: futa vumbi kwa brashi laini kavu. Kipande kinachotaka kudondoka kibandike. Nguo iliyochanika ishikize kwa nyuzi chache, usiifue. Nyuzi zilizooza badilisha, hizo huwa zinabadilishwa toka zamani na hakuna anayelalamika, ila zile za mwanzo zifunge kwenye bahasha ukae nazo. Na kila ulichokifanya kiandike kwenye karatasi ukiweke pamoja. Atakayekipata baada yako atakushukuru.

Mtoto wangu achezee cha zamani?

Kama ni mdogo wa kutia vitu mdomoni, hapana, usibishane na mimi. Rangi za zamani nyingi zina risasi na risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Usizisugue kwa msasa pia, lile vumbi ndo baya zaidi. Midoli ya seluloidi, ile plastiki ya zamani, inashika moto haraka sana, iwe mbali na mshumaa na jiko. Na nyuzi ndefu, hata za kikaragosi kipya changu mwenyewe, siziuzi kwa mtoto chini ya miaka mitatu bila mtu mzima pembeni, uzi unaweza kumzunguka shingoni. Mdogo mpe cha glavu cha kitambaa, anakivaa mkononi, anakitafuna, unakifua.

Mkubwa wa miaka minane na kuendelea mpe kipya cha nyuzi na umwache. Siku ya kwanza atakasirika, ya tatu kinapiga hatua. Wengi wananiambia mtoto wao ambaye haongei mbele ya wageni ameanza kuongea kwa sauti ya kikaragosi, hilo nimelisikia kwa wazazi mara nyingi na mwanangu mwenyewe alikuwa hivyo.

Sisi Waafrika Mashariki tuna vikaragosi vyetu au tunaiga wazungu?

Tunavyo. Wasukuma kwenye mashindano ya ngoma, Bagika na Bagalu, wanaoshindana nani atavuta watu wengi zaidi, walikuwa wakitoa masanamu ya mbao yenye mikono inayochezeshwa ili umati uhamie upande wao. Ukifika Mwanza nenda Bujora, makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, ukajifunze habari za ngoma hizo. Wazaramo wana mwana hiti, huyu sio kikaragosi na sio wa kuchezea ovyo, ni sanamu ndogo ya mbao ambayo mwali alipewa amtunze akiwa ndani, lakini kama unataka kuelewa kwanini sanamu dogo la mbao linaweza kuwa na uzito kwa mtu anza na huyo. Na magari ya waya, wanasesere wa magome ya mgomba na vitambaa, hivyo tulitengeneza wenyewe bila kufundishwa na mtu.

Vya siku hizi, XYZ Show ya Kenya iliyoanza 2009, vikaragosi vya wanasiasa, ni wazo la Gado, mchora katuni aliyezaliwa hapahapa Dar. Wabunge walijiona kwenye TV wana masikio makubwa na nchi nzima ikacheka, na vile vichwa vyote vilitengenezwa kwa mikono.

Unatumia mti gani? Kwanini usitumie mpingo?

Mpingo ni mzito, kikaragosi cha mpingo kinamchosha mtu bega kabla hadithi haijafika katikati, mpingo uacheni kwa wachonga vinyago na watengeneza filimbi. Mimi natumia mjakaranda, muarubaini, na mwembe uliokauka vizuri, mwepesi na haukatai kisu. Ulaya wanapenda mti wa linden kwa sababu hiyohiyo.

Hewa ya pwani na wadudu je?

Hewa ya chumvi na unyevu ndo adui wa kila siku. Usikining'inize ukutani kunakopigwa na jua la mchana wala usikifungie kwenye mfuko wa nailoni miezi, kitaota ukungu. Kabati lenye hewa, kitambaa cha pamba, basi. Ukiona unga mwembamba wa mbao chini yake kuna bungua ndani. Kitoe kwenye vingine ukiweke peke yake kwenye mfuko uliofungwa hewa. Cha mbao tupu au cha kitambaa weka kwenye friza, ile inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili nzima, alafu kitoe ukiache ndani ya mfuko mpaka kipoteze ubaridi wote ndo ufungue. Kilichopakwa rangi nene yenye nyufa usikigandishe, niletee.

Nikinunua sasa hivi, nitauza kwa faida baadaye?

Labda, labda isiwe hivyo. Kama unawaza faida tu nunua kitu kingine, soko la vikaragosi ni dogo na linapanda na kushuka.

Nipo Muscat, unaweza kunitumia?

Naweza, nimeshatuma Oman na Uingereza. Vyangu vya mjakaranda havina shida kubwa. Mwenye kutuma cha mpingo ajue mti huo uko kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) tangu 2017, na tangu 2019 bidhaa iliyokamilika isiyozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja haifungwi na masharti yale, lakini vibali vya hapa ndani waulize TFS, wakala wa misitu Tanzania, kwanza. Chenye pembe ya ndovu, hata jicho dogo tu, sitaki kukiona.

Nyuzi zimefungamana zote, nikate?

Usikate! Laza kikaragosi chali mezani, kijiti cha kushikia kiweke juu ya kichwa chake kama kilivyokuwa kinakaa. Usivute hata uzi mmoja. Anza na nyuzi za magoti mana ndo za nje, sogeza kijiti kupita katikati ya vitanzi, kijiti ndo kinatembea, nyuzi zinabaki. Ukimaliza za magoti njoo za mikono, kichwa na mabega mwisho. Inachukua dakika ishirini mpaka saa nzima. Siku ukimaliza kucheza, zungusha kikaragosi mara chache nyuzi zijisokote pamoja kama kamba, zifunge na utepe, ndo ukiweke, na kesho ukikitoa unakiacha kizunguke chenyewe hewani mpaka zifunguke zote, watoto wanapenda sana kuangalia hapo.